Habari za Johannes Rebmann, Mtumishi wa Rabai

Mwezi huu tumeona vema kuwasimulia maisha ya mtu ambaye wengi wenu mmelisikia jina lake shuleni. Ndiye Mzungu wa kwanza ajulikanaye kuuona mlima wa Kilimanjaro na kuandika habari zake. Lakini kuuona mlima huo kulikuwa jambo la siku chache tu katika maisha yake. Kazi yake yenyewe ilikuwa miaka 29 ya kukaa katika Afrika, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliikaa katika kijiji kimoja, akiwafundisha watu ambao wengi wao hawakumsikiliza.

Twataka kuwaambia sababu ya kuichagua habari hii. Sisi tukaao Kibimba, na ninyi mlio katika vilima vingine vya Ngara na Biharamulo, twajua jinsi ilivyo kazi ya mwalimu katika kitongoji kilicho mbali. Jumapili kengele inalia, na wanaokuja ni wachache. Wakati wa kupanda hupungua, na wakati wa pombe hupungua tena. Mwalimu hulima shamba lake ili watoto wake wale, jioni huwafundisha wanafunzi wa ubatizo, na mwaka ukiisha huhesabu wawili au watatu tu. Hapo moyo humwuliza kama Mungu amemwita kweli, au kama amepoteza siku zake bure. Sisi wenyewe tumewahi kuulizwa swali hilo na moyo wetu, wala hatukuwa na jibu jepesi. Basi na tumwangalie mtu aliyeulizwa swali hilo hilo muda wa miaka 29.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, katika nchi ya Württemberg huko Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima, watu wa Kanisa la Kilutheri wenye kumcha Mungu. Alipokuwa kijana alisikia wito wa kwenda kuihubiri Injili katika nchi za mbali, akaingia chuo cha misioni cha Basel huko Uswisi. Siku zile chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, kiitwacho Church Missionary Society, kilikuwa na upungufu wa watu, kikawapokea vijana wengi wa Basel. Rebmann naye akaenda Uingereza, akajifunza, akatiwa mikono mwaka 1845, kisha akapelekwa Afrika ya Mashariki.

Alifika Mombasa mwezi wa Juni mwaka 1846. Huko alimkuta Ludwig Krapf, mtu wa nchi yake, aliyekuwa amefika tangu mwaka 1844. Krapf alikuwa amekwisha kupata msiba mkubwa. Miezi michache baada ya kufika kwao, mke wake Rosina alikufa kwa homa, na mtoto mchanga akafa pia, nao wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf alibaki peke yake miaka miwili, akijifunza Kiswahili na kuanza kuifasiri Biblia. Basi alipomwona Rebmann alimshukuru Mungu.

Wote wawili walitaka kukaa na watu wa bara, wakakubaliwa na wazee wa Rabai, mmojawapo wa makabila yale yaitwayo leo Mijikenda. Mwezi wa Agosti mwaka 1846 waliondoka kwenda kuhamia huko. Lakini homa ilikuwa imewashika wote wawili. Krapf alikuwa dhaifu hata hakuweza kukipanda kilima kwa miguu, ikabidi apande punda. Na Rebmann naye alikuwa mgonjwa. Hivyo ndivyo ulivyoanza usharika wa Rabai. Mtu aliyewaona siku ile asingedhani kwamba watu hawa waliotetemeka kwa homa wangeweza kuanzisha kitu cho chote cha kudumu. Walijenga nyumba, wakajifunza lugha, wakawa wakienda kijiji kwa kijiji kuzungumza na watu.

Mwaka 1847 Rebmann alisafiri mpaka Kasigau katika nchi ya Taita. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Aprili 1848, alishika njia ya kwenda nchi ya Wachaga. Kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za misafara, na wapagazi walikuwa wachache. Misafara ya wafanya biashara siku zile ilikwenda na watu wengi wenye bunduki, kwa sababu ya simba na wanyang'anyi. Lakini Rebmann mwenyewe hakuchukua silaha, alichukua mwavuli. Watu walistaajabu. Yeye aliona kwamba mtu anayepeleka habari ya amani hawezi kuipeleka kwa mtutu wa bunduki, na kwamba Mungu aliyemtuma aweza kumlinda au kumchukua, kama apendavyo.

Tarehe 11 Mei 1848, asubuhi, aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu mbele yake. Alidhani kwanza kuwa ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wake, huyo hakuwa na jina la kitu kile, alisema ni baridi tu. Rebmann alizaliwa katika nchi ya theluji, akatambua mara moja kwamba ni theluji. Walipopumzika siku ile aliisoma Zaburi ya 111, inayozisifu kazi kubwa za Bwana. Moyo wake ulishikwa hasa na mstari wa sita, unaosema jinsi Mungu alivyowaonyesha watu wake uwezo wake na kuwapa urithi wa mataifa. Aliona kwamba mlima ule ni ishara: Mungu aliyeuweka pale atawapata na watu wakaao miguuni pake. Baadaye alifika Kilema kwa mangi Masaki, akarudi Rabai salama.

Habari ya theluji ilipofika Ulaya ilidharauliwa. Mtaalamu mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika ya Mashariki, aliandika kwamba haiwezekani theluji kuwako karibu na ikweta, na kwamba yule mmisionari ameona vibaya. Jina la Rebmann likawa neno la kuchekesha wenye elimu. Iliwapasa watu kungoja miaka kumi na zaidi, mpaka Baron von der Decken alipofika mlimani miaka ya 1861 na 1862, akapima na kuthibitisha. Miaka hiyo yote Rebmann aliendelea na kazi yake.

Twarudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1848 alikwenda Machame kwa mangi Mamkinga, akapokewa vizuri, hata akapata tumaini kubwa. Kwa hiyo mwezi wa Aprili mwaka 1849 alitoka tena na watu wapatao 30. Safari hii shabaha yake ilikuwa kupita Machame na kuendelea magharibi mpaka Unyamwezi. Fikirini jambo hili, ninyi wa Biharamulo: Unyamwezi ni jirani zenu. Mtu huyu alikuwa akija upande wetu, zaidi ya miaka 60 kabla ya Misioni ya Betheli kufika Bukoba mwaka 1910.

Hakufika. Alipokaa Machame, Mamkinga na watu wake walimdai zawadi siku kwa siku, mpaka nguo zote alizochukua kwa ajili ya njia ya Unyamwezi zikaisha. Mvua ilikuwa nyingi, nyumba yake ilikuwa mbaya, naye akaugua. Hakuweza kwenda mbele, wala hakuwa na cha kumpa mtu ye yote. Alirudi Rabai mwezi wa Juni, amechoka, mgonjwa, mikono mitupu. Huko aliwakuta ndugu wawili waliofika karibuni kutoka Ulaya, Johann Jakob Erhardt na Johannes Wagner, nao walikuwa wamelala kwa homa. Wagner alikufa muda si mrefu. Miaka miwili baadaye alifika mwingine, Pfefferle, naye akafa mwaka ule ule wa 1851.

Ndugu zetu, hapa ndipo tunapopaona mahali pa kuchagua. Rebmann alikuwa na umri wa miaka 29. Safari yake kubwa ilikuwa imeharibika. Hakuna hata mtu mmoja wa Rabai aliyekuwa amebatizwa. Huko Ulaya wenye elimu walimcheka. Wenzake walikuwa wakifa. Angaliweza kurudi kwao, wala hakuna mtu ambaye angemlaumu. Hakurudi. Mwaka 1851 alikwenda Misri, akamwoa huko Kairo mama Mwingereza aitwaye Emma, mjane, kisha wote wawili wakaja Rabai.

Mwaka huo huo ndipo alipobatizwa mtu wa kwanza. Jina lake Mringe, kilema maskini, aliyependa kukaa na wamisionari na kuwauliza habari za Mungu. Alibatizwa akiwa kitandani, karibu na kufa. Tunda la kwanza la miaka mitano lilikuwa mtu huyu, ambaye watu wa dunia wasingemhesabu kuwa kitu, naye akachukuliwa mara.

Mwaka 1853 Krapf alirudi Ulaya kwa sababu ya ugonjwa, na baadaye Erhardt pia akaondoka. Imetupasa kusema kwamba Krapf na Rebmann hawakupatana katika kila jambo. Krapf alitaka vituo vya misioni vijengwe mfululizo, kama nguzo za njia, kutoka pwani ya mashariki mpaka ya magharibi. Rebmann, baada ya mambo ya Machame, aliona ni afadhali kukaa mahali pamoja, kuijua lugha kabisa, na kufundisha kwa uvumilivu. Kila mmoja alidhani mwenzake anakosea, na maneno yao hayakuwa laini sikuzote. Tunayasema haya ili msidhani kwamba watumishi wa Mungu wa zamani hawakuwa watu kama sisi. Wawili hawa walipendana, wakatofautiana, na mwisho wakakutana tena, kama mtakavyosikia.

Kabla ya kuondoka, Erhardt alikusanya pamoja na Rebmann habari walizozisikia kwa watu wa misafara juu ya nchi za bara, akachora ramani iliyotolewa Ulaya mwaka 1855 na 1856. Ramani hiyo ilikuwa na kosa kubwa. Ilionyesha ziwa moja refu sana, kwa maana maziwa matatu, Nyanza, Tanganyika na Nyasa, yalikuwa yameunganishwa kuwa moja. Lakini kosa hilo lilivuta macho ya watu. Burton na Speke walitumwa kuja kutafuta ukweli. Mwanzoni mwa mwaka 1857 walimzuru Rebmann na kumwalika afuatane nao, lakini yeye hakwenda. Mwaka 1858 Speke aliliona ziwa Nyanza, na mwaka 1861 alipita Usui, yaani upande huu wa Biharamulo, akafika Karagwe kwa mfalme Rumanika. Basi yule aliyeshindwa kufika kwetu kwa miguu yake, alishiriki kuifungua njia kwa kalamu, tena kwa ramani yenye kosa.

Mwaka 1857 Wamasai waliishambulia nchi ya pwani, watu wakatawanyika, na Rebmann na mkewe wakalazimika kuondoka na kukaa Unguja karibu miaka miwili. Waliporudi mwaka 1859 ilikuwa kama kuanza upya. Mtoto wao mmoja tu alikuwa amekwisha kufa akiwa mchanga. Mwaka 1866 Emma naye akafa, baada ya kukaa Rabai karibu miaka 14. Habari za mama huyu zilizoandikwa ni chache. Lakini aliacha nchi yake, akamzika mwanawe, akashiriki upweke wa mumewe mpaka mwisho. Sadaka ya nyumba ile haikuwa ya mtu mmoja.

Rebmann alifanya nini miaka hiyo yote? Alifundisha, na alikusanya maneno. Alimpata mtu aitwaye Salimini, mtumwa aliyetekwa katika nchi za Nyasa na kuletwa pwani. Siku baada ya siku walikaa pamoja, Salimini akitaja neno la lugha ya kwao na kulieleza, Rebmann akiandika, mpaka kamusi kubwa ikatokea. Wakubwa wake walinung'unika: ya nini kuandika lugha ya nchi iliyo mbali, ambako hakuna hata mmisionari mmoja? Yeye aliendelea, akiamini kwamba iko siku watu watakwenda huko.

Kwa Warabai alikuwa mgumu katika ubatizo. Hakutaka kumbatiza mtu ye yote ambaye moyo wake haujageuka. Hata hivyo walikuwako wachache walioamini, miongoni mwao mzee Abe Gunja na mwanawe Nyondo, aliyeitwa Isaka. Mwaka 1864 walikuja kumsaidia vijana waliookolewa katika utumwa na kulelewa Bara Hindi, William Jones na Ishmael Semler. Lakini Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipofika Rabai mwaka 1873, alimkuta mzee ambaye macho yake yalikuwa yakipofuka, na Wakristo wa kabila lile wa kuhesabiwa kwa vidole. Watu wengi walisema wazi kwamba kazi yake ilikuwa bure. Wengine walisema kwamba amekaa mno, tena peke yake, hata amekuwa mkaidi. Labda neno hilo la pili lilikuwa na kweli ndani yake. Mtu akaaye peke yake miaka mingi huizoea njia yake, akasahau kwamba ndugu nao wamepewa Roho.

Mwisho alikuwa kipofu kabisa. Mwaka 1875, wamisionari wapya walipokwisha kufika kuanza kazi ya Freretown, alikubali kuondoka. Tangu alipofika mwaka 1846 hakuwa amekwenda Ulaya hata mara moja. Isaka Nyondo ndiye aliyefuatana naye safarini, mwana wa Rabai akimwongoza yule aliyekuja kuwaongoza watu wa Rabai. Waganga wa Ulaya hawakuweza kuyaponya macho yake. Alikwenda kukaa Korntal, karibu na Krapf, rafiki yake wa zamani, nao wakawa pamoja tena kama mwanzo. Alioa tena mwaka 1876, lakini nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Alikufa huko tarehe 4 Oktoba 1876, mwenye umri wa miaka 56. Krapf alishughulika na maandiko ya mwenzake, na kamusi ya lugha ya Nyasa ikapigwa chapa mwaka 1877. Wakati huo Waskoti walikuwa wameanza misioni yao kando ya ziwa Nyasa, mwaka 1875. Siku ambayo Rebmann aliitumaini ilikuwa imefika, na maneno ya Salimini mtumwa yakawa kitabu.

Na Rabai je? Baada ya kufa kwake Rabai ikawa kimbilio la mamia ya watumwa waliotoroka. Isaka Nyondo akawa mwalimu wa Injili. William Jones akatiwa mikono, akafuatana na Askofu Hannington katika safari ile ya mwaka 1885 ambayo askofu aliuawa Busoga. Na Machame, mahali pale Rebmann aliponyang'anywa vitu vyake, ndipo Misioni ya Leipzig ilipojenga kituo chake cha kwanza katika Uchaga mwaka 1893. Miaka mitatu baadaye Ewald Ovir na Karl Segebrock walitoka upande huo kwenda Meru, wakauawa huko Oktoba 1896. Na Wameru nao leo wana makanisa yao. Sharika za Walutheri zimejaa mteremko wa Kilimanjaro, mlima ule Rebmann aliouona siku aliyoisoma Zaburi yake. Yeye mwenyewe hakuziona, hata kabla macho yake hayajapofuka.

Basi tujifunze nini? Kwanza, sadaka ya Mkristo si tendo la siku moja. Wengi wetu twadhani kwamba kujitoa ni kama kuruka mto, ukisharuka umevuka. Rebmann alijitoa alipotoka kwao, akajitoa tena baada ya Machame, na tena alipomzika mtoto, na tena alipomzika mke, na tena macho yalipoanza kufifia. Kila mara mlango wa kurudi ulikuwa wazi.

Pili, kumtumaini Mungu ni kumwachia hesabu. Bwana wetu alifundisha juu ya chembe ya ngano ianguke nchini na kufa, nasi wakulima twajua kwamba mtu hafukui mbegu kila asubuhi ili aone kama imeota. Mwalimu mwenye watu wanane afundishe wanane hao vizuri. Hatujui ni yupi kati yao atakayekuwa Nyondo.

Tatu, tusiutumie mfano huu vibaya. Kukaa mahali pamoja kwa sababu ya kiburi si sadaka. Mwalimu akiitwa na wakubwa wake ahamie kwingine, au ndugu zake wakimwonya, na asikie. Wala mtu asiwatoe sadaka mke wake na watoto wake bila kuwauliza, kisha akajiita mwenye imani. Sadaka impendezayo Mungu mtu huitoa katika kilicho chake mwenyewe.

Twawaomba walimu waisome habari hii mbele ya wazee wa usharika, kisha waulizane neno moja: katika kitongoji chetu ni nani anayechoka sasa, na sisi tumemsaidia nini? Rebmann alikaa miaka mingi bila mtu wa kumwuliza hivyo. Sisi tulio wengi hatuna udhuru. Bwana wa mavuno awatie nguvu wote wafanyao kazi mahali pasipoonekana, hapa Kibimba na po pote mlipo.